Mama wa Simu wa Stoo ya Jumla

Nikimkumbuka Mama wa Simu, namkumbuka kwanza kwa sikio. Sura yake huja baadaye, polepole, kama milima ya Uluguru inavyojitokeza asubuhi ukungu ukianza kupanda: kwanza giza la kijani, halafu mgongo, halafu miti. Lakini sauti huja yote kwa pamoja. Ilikuwa sauti ya msichana, nyembamba na safi, na kila sentensi yake ilikaribia kicheko bila kufika. Mwenye sauti hiyo alikuwa mama mnene aliyekwishapita umri wa makamo, mwenye magoti mabovu na miwani iliyofungwa uzi pembeni. Ukimsikia kabla ya kumwona, ungemtafuta mtu mwingine chumbani.

Nilifanya naye kazi miaka mingi katika stoo moja ya jumla pale mjini Morogoro. Mimi nilikuwa msichana mkata risiti. Yeye alipokea oda. Meza yake ilikuwa mwisho kabisa wa stoo, nyuma ya katoni za sabuni na madumu ya mafuta, chini ya dirisha lililotazama mlimani. Simu ilikuwa mbele yake, tangawizi mbichi mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia. Kuanzia stoo inafunguliwa hadi inafungwa, maduka ya Kinole, Matombo, Nyandira, Mvuha na Kisaki yalimpigia yeye, naye aliwajibu wote kana kwamba ndio kwanza simu imelia siku ile.

Hakuwahi kupokea oda kabla ya salamu kwisha. Aliuliza mvua, akauliza ndizi, akauliza mtoto aliyekuwa na homa wiki iliyopita. Tajiri wetu, mzee mpole wa Kihindi aliyezaliwa mtaa uleule ulipo stoo, alikuwa akipita nyuma yake na kugonga saa yake kwa kidole. Mama wa Simu alifunika simu kwa kiganja na kusema, "Sabuni hazikimbii, tajiri." Kisha alirudi kwenye homa ya mtoto. Salamu zikishatimia ndipo alipoanza kuitikia bidhaa, moja moja, kwa namna ya kuimba. Mteja akisema chumvi, yeye anasema chumvi. Mteja akisema viberiti, yeye anasema viberiti. Wapakiaji waliokuwa wakipita na magunia mabegani walipunguza mwendo pale karibu na meza yake, ingawa kila mmoja angekataa ukimuuliza.

Alisikiliza hata vilivyokuwa nyuma ya maneno. Mara kwa mara aliinua uso kutoka kwenye simu akaniambia, "Mwanangu, Kinole kunanyesha, kaanue nguo zako." Mimi nilitoka nje nikakuta jua kali linawaka juu ya mabati ya mji mzima. Basi nilianua, maana nilikwishajifunza, na baada ya muda mlima ulianza kufifia kuanzia kileleni, ukafutika, na mvua ikatufikia.

Jambo moja lilinishangaza tangu siku za mwanzo. Hakutaka wateja wamwone.

Wenye maduka walishuka mjini mara mojamoja, wengine kwa shughuli za hospitali, wengine harusi. Walipita stoo kusalimia na swali lao lilikuwa moja: "Yuko wapi yule binti wa simu?" Yeye akiwa ameketi palepale, mbele yao, alikohoa na kujibu kwa sauti nzito ya kujitengenezea, "Ametoka kidogo." Mwenye duka mmoja wa Nyandira alisubiri karibu mchana mzima na kikapu cha njegere alichomletea binti. Alipokata tamaa alimkabidhi yeye kikapu. "Mama, naomba umpe ukimwona." Kesho yake alipiga simu, na ile sauti ya msichana ikamshukuru kwa njegere tamu hadi mzee wa watu akawa anacheka peke yake huko milimani. Yuko mwingine wa Matombo aliyemposea mwanawe kabisa, kwa simu, akieleza tabia za kijana na ekari za minanasi. Mama wa Simu alimjibu kwa adabu kwamba ameshaolewa. Siku ile hakutafuna tangawizi yake. Alikaa akitazama mlima.

Nilimuuliza siku moja kwa nini anajificha. Alinyoosha mtandio wake, akasema, "Wana mtu wao wanayemjua. Nikijitokeza mimi, yule atakuwa amekufa. Nimuue wa nini?"

Na huyo mama aliyezungumza na nusu ya wilaya kila siku, nyumbani kwake Kihonda alikuwa kimya kama kisima. Mume alikwishafariki zamani, na watoto hakujaliwa. Majirani walimwona anaringa. Alikuwa na kitochi, simu ndogo ya vibonye, ndani ya mkoba, kimezimwa, na namba yake hakumpa mtu, hata mimi. Nilipomtembelea siku za Jumapili tulichambua mchicha bila kusema chochote kwa muda mrefu, upepo unashuka kutoka mlimani na kutikisa pazia, na mimi nilisikia usingizi mtamu usio wa kulala. Alikuwa akisema maneno yake yamebaki stoo.

Kati ya sauti zote zilizompigia, ipo moja aliyoisogelea zaidi. Alikuwa mzee mwenye duka wa Kisaki, kule chini upande wa pili wa milima, karibu na pori la wanyama. Mtandao wa simu ulimkubali sehemu moja tu, juu ya tuta la reli ya Zambia, kwa hiyo alipiga akiwa amesimama pale. Treni ya mizigo ikipita walinyamaza wote wawili. Nilimwona Mama wa Simu ameshika simu sikioni, macho ameyafumba, na hata mimi niliyekaa mbali nilisikia ile ngurumo ndogo ikitoka kwenye simu na kuendelea, behewa baada ya behewa. Kisha ikaisha, na mazungumzo yakaanza pale yalipokomea. Mzee alimsimulia tembo waliopita nyuma ya duka na kung'oa migomba. Alimsimulia ugonjwa wa mkewe, na baadaye kifo chake. Yeye alimweleza rangi ya mlima siku ile. Mzee alimwita binti. Mama wa Simu alipokata simu aliandika oda ya Kisaki kwa mwandiko mzuri kuliko wa maduka mengine.

Ndipo ukaja mfumo.

Tajiri alituita wote, akatueleza kwa upole wake kama mtu anayetangaza ugeni. Kila mwenye duka atawekewa programu kwenye simu ya kupangusa. Atagusa picha ya bidhaa, ataandika kiasi, atatuma. Oda itaingia yenyewe kwenye kompyuta yetu. Kompyuta yetu itaiambia ya kiwanda kule Dar kwamba sabuni zinapungua, na lori litapakiwa kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Sote tuligeuka kumtazama Mama wa Simu.

Tulitegemea akasirike. Hakukasirika. "Uje," alisema. "Mimi koo limechoka." Tena akatukumbusha kisa cha Nyandira, jinsi mteja alivyoomba sabuni ya unga yeye akasikia sabuni na unga, likapanda gari zima la unga kijiji kikiwa na nguo chafu. "Hilo dude halitasikia vibaya," alisema, na watu wakashusha pumzi, wakacheka.

Na kweli mfumo ulikuwa mzuri. Mimi niliyekata risiti nitasema nini? Lori halikupanda tena Kinole na mzigo wa Matombo. Duka la mbali halikukaa bila chumvi likisubiri mtu apate mtandao wa kuongea; oda ilijituma yenyewe mtandao ukipatikana. Viwanda vilituletea mali kabla hatujaishiwa. Nilipelekwa mafunzo, nikapewa kiti cha kompyuta, na nilipenda kazi yangu mpya.

Ila stoo iliingia ukimya. Maduka yalihama moja baada ya jingine, na kila lililohama lilikuwa sauti moja iliyozimika kwenye ile meza ya dirishani. La kwanza kuhama lilikuwa Kisaki.

Hilo ndilo lililomchoma. Wengine walipiga angalau mara ya mwisho, wakalalamika, wakamuuliza kama atabaki. Mzee wa Kisaki hakupiga. Wiki moja sauti yake ilikuwepo, halafu ikakatika kwa muda, halafu oda ikaingia kwenye kioo changu, mistari michache iliyonyooka, bila hodi. Mama wa Simu alikuja akasimama nyuma yangu. Alikuwa hajawahi kusogelea kompyuta.

"Ndiyo hiyo ya Kisaki?"

"Ndiyo, mama."

"Hajasema kingine?"

"Mfumo hauna sehemu ya kusemea, mama. Ni bidhaa tu."

Alirudi kwenye kiti chake. Tangu siku hiyo alikuwa akija kila oda ya Kisaki inapoingia. Anasoma, anaondoka. Tangawizi ilikauka mezani.

Mvua za masika zilipokwisha, tajiri aliamua tuzunguke kwenye maduka ya mbali, tukawafundishe waliobaki na kuwasikiliza waliokwishaingia. Alinichagua mimi kwa sababu ya kompyuta. Alimchagua Mama wa Simu kwa sababu watu walimwamini. Alikataa palepale, akataja magoti, akataja barabara. Kisha akauliza, "Mtafika Kisaki?" Nikamwambia tutafika. Akarudi kwenye meza yake. Wakati wa kufunga stoo alinishika mkono. "Nitakuja. Nataka nimuulize nilimkosea nini."

Tuliondoka alfajiri ndani ya lori la mzigo, dereva, yeye na mimi. Alivaa gauni jipya la kitambaa cha buluu, na alijifunika mtandio hadi karibu na macho. Alikuwa ameishi chini ya milima ile maisha yake yote na hajawahi kuizunguka. Ukungu ulikuwa umelala barabarani. Vijiji vilitokea ndani yake na kupotea, na kila tulipopita kibao cha jina la kijiji alilitamka kwa sauti ndogo, jina na duka lake, kama anayehakikisha kwamba sehemu hizo zipo kweli. Matombo alikataa kushuka. Mvuha alikataa. Aliniachia mimi niende dukani, naye alikaa garini amejikunyata, akiwatazama kupitia kioo wale watu aliojua homa za watoto wao. Baada ya Mvuha nchi ilishuka, joto likapanda, na tukaona kinyesi cha tembo katikati ya barabara. Alikitazama mpaka tulipokipita. "Kumbe hakuwa anatunga," alisema.

Kisaki tulifika mchana umelegea. Duka lilikuwa dogo, limepakwa rangi ya samawati iliyokwajuka, na mbele yake mzee mrefu mwembamba alikuwa akipanga miche ya sabuni juu ya meza. Mama wa Simu hakushuka. Nilimwona ananyoosha mtandio. Kisha alifungua mlango mwenyewe, akateremka kwa uchungu wa magoti, akasimama kando yangu vumbini, na kwa ile sauti yake halisi, bila kuibadilisha, akaita:

"Hodi wenye duka!"

Mche wa sabuni ulimtoka mzee mkononi. Aligeuka. Alitutazama wote wawili, uso wake umefunguka, na akaja mbio kuelekea kwangu. Kati ya wanawake wawili waliokuwa mbele yake, mimi ndiye niliyekuwa binti. Alinishika mikono yote miwili, macho yamemjaa machozi, midomo inacheza. Nilimwangalia Mama wa Simu. Alikuwa amesimama vilevile, mtandio umeteleza hadi mabegani, na sijapata kumwona mtu aliye wazi namna ile.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kukohoa, kama alivyozoea. Alisema, "Ni mimi, mzee. Huyo ni mwenzangu tu."

Mzee aliniachia. Alimtazama kwa muda, kuanzia miwani ya uzi hadi viatu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, lakini kicheko hakikuwa na sauti yoyote. Alifungua mdomo kutaka kusema. Koo lilitanuka, mishipa ilimsimama shingoni, na hakikutoka kitu.

Binti yake mkubwa alitoka ndani akifuta mikono kwa kanga. Tulimsalimia. Alituelewa haraka, naye ndiye aliyetueleza. Kiharusi kilimpata baba yake mwezi uleule mfumo ulipoanza. Mguu ulirudi. Mkono ulirudi. Sauti haikurudi. Wakati watu wa programu walipopita vijijini na simu zao, alikuwa ameshakata shauri kufunga duka, maana ataagizaje mali bila kusema? Wakamwonyesha kugusa picha na kutuma. Alilia, alisema binti yake, na kesho yake akafungua.

"Nilimwambia nipige mimi, nikutaarifu wewe wa stoo," aliongeza. "Alikataza kabisa. Alitikisa kichwa mpaka nikaogopa. Aliona haya wewe umsikie hivi."

Mzee alikuwa ameinamisha uso. Mama wa Simu, aliyekuja na swali lake kutoka Morogoro, hakuliuliza. Alimwambia, "Basi leo utasikiliza." Mzee aliingia ndani akatoka na kigoda, akakipangusa vumbi kwa kiganja chake, akamwekea kivulini.

Mama wa Simu alizungumza alasiri yote. Mimi nilikuwa ndani na binti tukikagua programu, na nilimsikia akimpa habari za miezi yote waliyopotezana: mlima ulivyokuwa siku fulani na fulani, nani Kinole amepata mjukuu, jinsi stoo ilivyokuwa kimya, jinsi alivyomkasirikia yeye. Alimwambia hata habari za njegere na zile za posa. Watu waliokuja kununua walisahau walichokuja kununua, wakakaa chini. Wakati wa kuondoka alitoa kitochi ndani ya mkoba, akakiwasha, akamwonyesha mzee namba ili amwandikie.

Njiani kurudi aliegemea mlango, macho ameyafumba. Nje milima ilikuwa imegeuka zambarau. Nilidhani amelala, nikamfunika. "Silali," alisema. "Endelea kunifunika hivyohivyo."

Mwaka uliofuata niliajiriwa Dar, kwenye kampuni inayopokea taarifa za stoo nyingi za mikoani. Kazi yangu ni kutazama tarakimu zinavyoingia na kuhakikisha kompyuta zinaelewana. Nilisikia Mama wa Simu ameacha kazi, kisha nikasikia amehama Kihonda, na hakuna aliyejua kwa hakika kahamia wapi. Nilipopata likizo nilipanda treni ya Zambia nikashuka Kisaki, kwa kubahatisha tu.

Nilimkuta ameketi nyuma ya meza ya duka, kanga kiunoni, magoti ameyanyoosha juu ya gunia la chumvi. Duka lilikuwa limepakwa rangi upya. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha, akanikumbatia, akamwita binti wa mzee alete chai. Alinieleza kwa ufupi. Walifunga ndoa pale msikitini, watu wachache, pilau kidogo. Sasa yeye ndiye anayetuma oda, kwa kidole, kupitia simu ya kupangusa aliyoining'iniza shingoni kwa kamba. Mzee alikuja na mtungi wa maji, akanimiminia nikanawa, akaketi kando ya mkewe.

Nikasubiri maneno. Nilitoka Dar na kiu ya ile sauti. Lakini tulikunywa chai, na yeye alinyamaza, mzee alinyamaza, kuku walipita, na jua lilisogea taratibu kutoka mlangoni hadi kwenye miguu yetu. Mteja alikuja, akaonyesha kwa kidole, akapewa, akaondoka. Sikuweza kuvumilia. Nikamuuliza kama haikumbuki simu, zile salamu, watu wote wale.

Alifikiri kidogo, akimwangalia mzee aliyekuwa akimenya chungwa.

"Nawakumbuka," alisema. "Ila mwanangu, nilisema na watu wote wale miaka yote. Sikuwa nimekaa na hata mmoja."

Mzee aligawa chungwa mara tatu. Tukala.